Sikio la Bibi Fumi

Westville, Durban
Jumapili mchana

Kwako Dada Mwende,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kisumu, wewe na shemeji na watoto. Magoti ya Baba yanaendeleaje tangu daktari ambadilishie dawa? Na kile kikohozi chako cha vumbi la chaki, kimekuachia au bado unafundisha huku umeshika kifua? Mimi mwili ni mzima. Baridi imeingia, ingawa baridi ya Durban ni ya kuvaa sweta asubuhi na kuivua saa nne.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ningekudanganya. Umeniuliza mara tatu kwa nini sura ya mwisho ya tasnifu yangu haimaliziki, na mara tatu nimekujibu kwamba nangoja vitabu. Hakuna vitabu ninavyongoja. Nilikuwa na wivu, dada, na wivu huo ulinifanya nitende jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani. Tafuta mahali ukae unisome.

Unajua mambo yalikoanzia. Baba alikuwa akitusimulia aliyosimuliwa na babu, kibarua wa gatini, jinsi ndege za Waingereza zilivyotua ziwani zikaelea kama bata, abiria wakashushwa kwa mashua. Ndege hizo zilikuwa zikiendelea na safari hadi hapa Durban, zikitua bandarini. Nilipokuja kusoma nilidhani nitaandika juu yake. Msimamizi wangu akaniambia hizo zimeshaandikwa vya kutosha, nitazame za Wajapani wakati wa vita, na hasa mikono iliyoziunda.

Nikazama humo miaka minne. Naweza kukueleza ndege yao kubwa ya injini nne, yenye tumbo refu kama la meli, iliyoweza kukaa angani mchana kutwa na usiku kucha. Naweza kukueleza jinsi ya kwanza ilivyowatesa: ilipokimbia juu ya maji ili ipae, maji yaliruka yakapiga panga za injini, ikabidi waongeze kina cha tumbo na kuweka vipande virefu chini ya pua ili kuyakata yale maji. Vita vilipopamba moto na wanaume wakaisha viwandani, walitolewa wasichana shuleni wakafundishwa kupiga ribiti, ile misumari ya kuunganisha mabati ya ndege. Hao ndio niliowataka. Nilisoma ripoti na michoro, nikatazama picha zao wamefunga vitambaa kichwani. Sauti ya hata mmoja sikuwa nayo.

Sasa nikueleze kuhusu Furaha. Ni msichana wa Bukavu, tuko rika moja, na tunakaa pamoja katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu. Anasuka nywele kwenye saluni huko Pinetown. Kila Alhamisi huenda kwenye nyumba ya wazee iliyo mtaa wa pili kutoka kwetu, akawaoshe na kuwakata nywele. Ndiye aliyepika uji nilipougua mwaka jana, ndiye anayejua dawa yangu ya kichwa iko droo gani. Sikumbuki kama niliwahi kumshukuru ipasavyo.

Siku moja tulikuwa tunaosha vyombo. Akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwa Kiswahili chao cha Bukavu ambacho bibi kizee ni koko, "Kule kwa bazee iko koko moja Mujapani. Anasema alitengenezaka ndege ya maji, ile ya vita. Anasema chini yake baliwekaka samaki mukavu."

Nikaiweka sahani chini. Vile vipande virefu nilivyokutajia, vya kukata maji, wenyewe waliviita kwa jina la samaki wao mkavu, kwa sababu vinafanana. Mtu asiyejua hawezi kulibuni jina hilo. Nilikuwa nimeandika barua hadi Japani nikitafuta mtu kama huyo, kumbe yuko mtaa wa pili, na anayemwosha kichwa ni Furaha.

Nilikwenda kesho yake. Jina lake Bibi Fumi, na umri wake unakaribia miaka mia. Alikuja Durban akiwa mke wa fundi mitambo wa meli, mume akafa, yeye akabaki. Nilivaa lile koti langu la mikutano. Nikakaa kushoto kwake, nikaweka kinasa sauti mezani, nikamsomea fomu ya ridhaa tangu mwanzo hadi mwisho. Alinitazama kwa adabu, akasema, "Nilikuwa mtoto. Sikumbuki." Nikarudi mara ya pili na picha za kiwanda, akazigeuza kifudifudi. Mara ya tatu nilimkuta amelala, au amejifanya amelala.

Na kila Alhamisi Furaha anarudi na habari mpya. Kwamba Bibi Fumi alikuwa mdogo wa umbo, kwa hiyo walimwingiza ndani ya tumbo la ndege, kwenye kona ambazo mtu mzima hapiti. Kwamba kazi yake ilikuwa kushikilia kipande cha chuma nyuma ya ribiti wakati mwenzake aliyeitwa Kiyo anaipiga kwa nje. Kwamba hawakuonana siku nzima, ila Kiyo akitaka kumsalimu aligonga mara mbili polepole, naye akajibu mara mbili. Furaha ananihadithia haya huku anakata vitunguu, hajui amebeba nini. Au mimi ndiye niliyejiambia hajui. Nilikuwa nikiingia chumbani kwangu na kuyaandika, na moyo unanichoma. Mimi nimesoma miaka minne. Yeye anaulizia rangi ya nywele tu, na anapewa kila kitu.

Nikampa orodha ya maswali. Akakataa, nikamsihi, akachukua. Alhamisi hiyo alirudi amenuna.

"Niliuliza moja tu," akasema. "Koko akanishika mukono, akaniambia: hiyo si swali yako, mwanangu. Nilisikia haya, Mutheu. Usinitume tena."

Mwanangu. Niliandika neno hilo daftarini, kisha nikalifuta.

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe kujaribu tena. Nilipokuwa natia sahihi kitabu cha wageni, meneja wa nyumba ile alikuja, mama mpole tu, akaniuliza, "Wewe ni rafiki wa Furaha, sivyo? Tunakagua makaratasi ya wote wanaofanya kazi humu. Ya kwake yako sawa?"

Karatasi ya ukimbizi ya Furaha ilikuwa imepita muda wake. Alikuwa ameomba mpya, na stakabadhi ya maombi ilikuwa ndani ya kabati letu la jikoni, nimeiona kwa macho yangu. Ningesema hivyo tu, sentensi moja. Nikasema, "Kwa kweli sijui. Labda muulizeni mwenyewe." Na nikalisema kwa ile sauti, dada, unayoijua, ile niliyokuwa nikiitumia Mama akiuliza nani amevunja kikombe. Kisha nikaondoka bila kufika kwa Bibi.

Alhamisi hiyo Furaha alizuiwa mlangoni. Mlinzi, ambaye kwa Kizulu chao humwita kila msichana sisi, yaani dada, alimwambia, "Eish, sisi, pole, nimeambiwa hapana mpaka ulete karatasi mpya." Stakabadhi hawakuitaka, kwa sababu shaka ilikuwa imeshaingia. Akarudi na mfuko wake wa vitana, akauning'iniza nyuma ya mlango, akaanza kupika maharage. Maneno ya mlinzi alikuja kunieleza baadaye sana. Nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa najua.

Nitakuambia ukweli wote. Nilichohisi kwanza kilikuwa nafuu. Niliwaza: sasa Bibi atabaki na mimi.

Zikapita Alhamisi tatu. Ya tatu nilikwenda nikiwa na kitana. Ndiyo, dada, nilinunua kitana. Nilimkuta Bibi Fumi dirishani, nywele zimeshikana nyuma kama pamba ya mto mkuukuu, kwa maana alikuwa hamruhusu muuguzi yeyote kuzigusa. Nikamwambia nimekuja kumchana. Aliendelea kutazama nje. Nikaanza. Nilikuwa namuumiza, niliona mabega yakipanda, lakini hakulalamika. Mwishowe akauliza bila kugeuka, "Furaha ni mgonjwa?"

Nikasema si mgonjwa. Akauliza, "Amekufa?" Akauliza hivyo hivyo, kwa utulivu, kama mtu ambaye zamani aliwahi kungoja mwenzake agonge naye hakugonga.

Hapo nilishindwa. Nilimweleza yote: karatasi, meneja, maneno yangu. Alikuwa akisema, "Sikusikii, sikusikii," nikadhani anakataa kunisikia, nikapaza sauti, mpaka aliponishika kiwiko akanivuta nizunguke upande wa kulia. Nikarudia kila kitu. Kurudia ubaya wako mara mbili ni adhabu tosha.

Aliposikia, aligusa upande wa kushoto wa kichwa. Kisha akasema, "Sikio la kushoto lilikufa mle ndani ya ndege. Nyundo zilikuwa zikipiga nje, mlio wote ukabaki ndani na sisi. Furaha alilijua siku ya kwanza aliponiosha kichwa. Aliniuliza, koko, nani alikuharibia hili sikio? Wewe umekuja mara nne. Kila mara umekaa kushoto, ukazungumza na sikio la maiti kuhusu injini."

Akanirudishia kitana. "Kamlete," akasema.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja nikamwambia kwamba nilijua, na stakabadhi ipo. Alinitazama vile watu wanavyokutazama wakijua hawatakuuliza tena kitu. Kisha nikarudi nyumbani. Furaha alikuwa anaanua nguo. Nilisimama mbele yake nikamwambia kwa kifupi: nilijua, nikasema sijui.

Alikunja shuka kwanza, akamaliza. "Nilijuaka tangu siku ya kwanza," akasema. "Madame wa kule kwa bazee alinieleza kwa simu: rafiki yako anasema hajui. Nikajua."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangojea useme. Kila siku nilisema, leo atasema." Akainua kapu la nguo. "Mimi njo mwenye kuogopa karatasi, Mutheu, si wewe. Weye ulikuwa unaogopa nini?"

Majuma yale yote alikuwa amenipakulia chakula, akaniamsha nilipochelewa kwenda chuoni, huku anajua. Hakunikumbatia, na hakuniambia yameisha. Aliingia ndani. Siku tatu alinijibu kwa neno moja moja, na nilistahili.

Karatasi yake mpya ilipatikana wiki mbili baadaye. Nilikwenda naye asubuhi hiyo, tukakaa kwenye benchi hadi adhuhuri, na hapo kwenye benchi ndipo alipoanza tena kunisemesha, kwanza kuhusu viatu vya mwanamke aliyekuwa mbele yetu. Alhamisi iliyofuata aliingia kwa wazee na mfuko wake, nami nyuma yake. Bibi Fumi alishika uso wa Furaha kwa mikono miwili. Kwangu aliinamisha kichwa kidogo. Nikapewa kazi ya kushika kioo.

Akasimulia huku Furaha anamfungua zile nywele taratibu. Mwaka wa mwisho wa vita amri ilikuja kwamba ndege kubwa hazitakiwi tena, zinatakiwa ndogo za kupigana. Yale matumbo yaliyoundwa nusu yakaburutwa nje uani. Kiyo alikuwa na mwandiko mzuri, akahamishiwa chumba cha kunakili michoro, penye moto wa kuota na madirisha. "Nilimchukia," Bibi Fumi akasema. "Mimi nimebaki na baridi na nyundo, yeye anakunywa chai. Siku aliyokuja kunisalimu nilijifanya sina nafasi. Ndege za Marekani zilipopiga kiwanda, chumba cha michoro kilikwenda chote, naye ndani."

Furaha alisimamisha kitana. Hakuuliza kuhusu mabomu. Aliuliza, "Koko, alikuwa anapenda kula nini?" Na Bibi Fumi akacheka, akaanza kumweleza juu ya viazi vitamu vilivyoibwa, na akalia, na akaendelea, kwa saa nzima. Mimi nisingeuliza hivyo hata kwa miaka mingine minne.

Mwisho nilimwomba ruhusa ya kuandika. Akakubali kwa sharti moja: jina la aliyemhoji liwe la Furaha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nimeliandika, dada. Mkono ulikuwa mzito. Ijumaa msimamizi wangu alisoma sura hiyo akaniambia kurasa bora za kazi yangu yote ni zile ambamo Furaha ndiye anayeuliza. Nikasema ndiyo, na moyo ukanichoma palepale pa siku zote. Nilirudi nyumbani nikamweleza Furaha sifa hizo neno kwa neno, bila kupunguza hata moja. Aliniomba ukurasa wenye jina lake amtumie mama yake Bukavu. Nimechapisha mbili. Moja ni ya huyo mama, na nyingine imo ndani ya bahasha hii. Msomee Baba, na ukifika kwenye jina usiliruke.

Nisalimie Baba sana, na umwambie nakumbuka ndege za babu. Msalimie shangazi Kavata anayetuuzia sote maziwa kwa bei ya huruma, na mjomba Musyoka wa karakana, na binamu yetu Ndunge, mwambie nimesikia amechumbiwa na nimefurahi, na ukimwambia hivyo ujue safari hii ni kweli. Wabusu watoto. Shemeji mpe heshima zangu.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mdogo wako anayekupenda,
Mutheu