Samadi ya Mzee Kwenye Mtarakwa Wangu

Kapseret, Eldoret

Baba yangu,

Nakusalimu wewe na Mama, nikiamini kile kikohozi kimekuacha na umerudi shambani. Mimi mwili ni mzima, ila roho inachemka, na nisipokuandikia wewe nitamjibu mtu vibaya.

Unaukumbuka mtarakwa niliokueleza? Ni ule mti wa nguzo za ua, lakini wangu ni mdogo, nimeulea kwenye chungu tangu nianze kazi hapa kwenye kitalu cha Mama Chebet. Wanaoupenda wanauita bonsai. Mizizi ilikuwa imejaa chungu, nikauhamisha. Nilichekecha kokoto ndogo, matofali yaliyopondwa na udongo kidogo wa msitu, nikatoa vumbi lote, kwa sababu mti huu hautaki miguu yake ilale majini. Kazi ya siku mbili, Baba.

Jumapili nikaenda kanisani. Kurudi, nakuta Mzee, mume wa Mama Chebet, amemwaga kokoto zangu getini kuziba tope, na chungu amekijaza udongo mweusi na samadi mbichi. Ati aliuonea mti huruma, kupandwa kwenye mawe kama umefungwa jela. Huyu ni mtu wa ng'ombe. Kwake hakuna kitu duniani kisichopona kwa samadi, nami nikaambiwa niuache hivyo hivyo.

Baada ya wiki tatu majani yakageuka manjano, na lawama zikaniangukia mimi. Mzee akawaambia majirani kwamba watu wa kwetu tunajua miwa tu. Mama Chebet akasema mti ukifa, niache miche nikakamue ng'ombe. Nilimwonyesha mizizi ilivyooza na kunuka. Akaniruhusu nibadilishe udongo, ila Mzee asijue, amani ikae nyumbani. Nikakata iliyooza, nikaupanda tena kwenye kokoto, nikauweka kivulini. Juu, kwa amri ya Mama Chebet, nikanyunyiza samadi kavu kidogo ya kumfurahisha Mzee.

Basi ukapona. Jana walikuja wageni wa kanisa, na Mzee akawapeleka moja kwa moja kwenye chungu.

"Huyu msichana alikuwa ameua huu mti na mawe," akawaambia. "Ni samadi ya ng'ombe zangu imeuokoa."

Ulinifundisha kunyamaza mbele ya wazee, na nilijaribu. Mdomo ukanishinda.

"Mzee, ingiza kidole hapo ndani."

Akaingiza. Kikagonga kokoto. Akakitoa, akakipangusa kwenye suruali, akauliza kama chai iko tayari. Pole hajasema mpaka leo. Lakini mama mmoja alibaki nyuma, akaniuliza jina langu, na udongo gani niliotumia.

Leo Mama Chebet amenuna. Na anune. Kama nimekosa adabu niambie, Baba, lakini kuomba msamaha siwezi.

Msalimie Mama, kaka yangu fundi wa baiskeli, na shangazi wa mboga pale sokoni.

Ni mimi binti yako, ambaye hajaua mti wa mtu,

Ruth