Mjomba na Mawe ya Mpaka

Shoga, usinipigie! Soma tu.

Unamjua mjomba wangu na ubishi wake. Tumefika bondeni na gari lake, njia imegawanyika, ramani ya simu inasema kushoto. Yeye akasema kulia. "Nimepima ardhi miaka thelathini, simu itanifundisha nini?"

Tukaenda kulia. Mlima huku, mlima kule, hata mbuzi hakuna. Mara simu ikalia: karibu kwenye mtandao wa nchi jirani. Nikamwambia, "Mjomba, tumevuka mpaka!" Akasema simu inasema uongo.

Kona iliyofuata, wanajeshi wanne. Bunduki zimetuelekea sisi, shoga. SISI.

Mkubwa wao akauliza kwa upole kabisa, "Mzee, hamkuyaona mawe ya mpaka?"

Mtu mwenye akili zake angesema samahani, tumepotea. Mjomba wangu? Akashuka, akakung'uta suruali, akasema, "Mawe hayo niliyasimika mimi, kwa mikono hii."

Kwa mikono hii! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Yule mkubwa akacheka peke yake. "Kumbe ni wewe! Tumekutafuta sana. Twende ukatuonyeshe mawe yalipokuwa mwanzo, kabla hayajasogezwa."

Wamempeleka mlimani. Ufunguo wa gari wamechukua. Nimeachiwa askari mmoja hapa dirishani, simu nimeificha chini ya mtandio.

Na mjomba, shoga, hawakumshika hata mkono. Alitangulia mwenyewe, anawaonyesha njia. Anadhani wamemheshimu.