Sikio la Baba

Kaka yangu,

Huku tuko salama, paa tu ndilo linalovuja. Baba bado anafungua kibanda chake cha saa, ila masikio yamekufa kabisa, na haambiliki. Saa inayotembea vizuri akiiweka sikioni haisikii, basi anaifungua na kuiharibu. Wateja wamemkimbia.

Jana mchana mama alijilaza. Baba akaweka sikio kifuani pake, akamfunika shuka gubigubi, akaangua kilio. Mama akaamka, akamshika mkono.

“Joto unalo, mke wangu,” baba akasema, “lakini umesimama.”

Leo mama kampelekea chai. Kainywa huku akimwombea marehemu.

Usimpigie simu, kaka. Akiiweka sikioni, atakulilia na wewe.

Ni mimi mdogo wako, ninayepiga kelele bure.