Swali Nililolijibu Mwenyewe

Jumapili. Mvua ya alfajiri imekatika, jua limetoka na hasira zake, na joto la hapa ukumbini ni la kumfanya mtu agombane na kanga yake mwenyewe. Watoto wako madrasa. Simu ya kazi nimeizima nikaitia kabatini chini ya nguo, kwa kuwa sitaki hata kuiona. Naandika kwa hii yangu iliyopasuka kioo.

Sina raha. Nitasema kwa nini, hata kama kusema kwenyewe kunanichoma.

Wachache mnaoingia ukurasa huu mnajua kuwa mie ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Kijiji chetu kiko ndani kidogo, ukiiacha barabara kuu ya Msambweni. Tulichaguliwa kwenye baraza la chifu, serikali ikatufunza, ikatupa posho kidogo, begi, fulana, mashine ya presha, dawa za homa za watoto, na simu yenye maswali ndani yake. Kila mmoja ana nyumba zake. Unaingia, unaamkia, unapima, unauliza maswali, unabonyeza ndiyo au hapana, unatoka, unaingia nyumba ya pili.

Mpango wenyewe sitausema vibaya, nitakuwa mtovu wa shukrani. Zamani mtu alikuwa akianguka uani tukisema ni shetani wake amempanda, kumbe ni presha. Leo wanawake wenye mimba wanakwenda kliniki mapema, na kuna mzee mmoja hapa aliyeapa kwamba kidonge hakitapita kooni mwake, sasa yeye ndiye anayenifuata njiani kuniuliza mbona sijampima mwezi huu. Nilipoivaa ile fulana mara ya kwanza nilijitazama kwenye kioo mara tatu. Nilijiona nimekuwa mtu.

Na nesi wa zahanati yetu, mwenyeji wa bara, alikuwa akinisifu mbele ya wenzangu. "Muone Saumu. Ripoti zake hazinanga shida, zote zimejaa."

Zilijaa kwa sababu mengine nilikuwa nikiyajaza mwenyewe.

Haya, nimeshalisema.

Kuna mwanamke nitamwita Bi Mejumaa. Si jina lake, lakini yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike, hata akaniambia nisiandike kwa kunong'ona. Ni somo yangu. Kwa wasiojua mambo yetu ya pwani, somo ndiye mwanamke anayemfunda msichana anapovunja ungo, na akamfunda tena anapoolewa. Mamangu hakunifunza mambo ya mwilini, mama hafanyi hivyo. Alinipeleka kwa Bi Mejumaa. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kujitunza, jinsi ya kuoga, nini niseme kwa mume na nini nikimeze. Hakuna sehemu ya mwili wangu asiyoijua. Na nikawa mwari wake, mpaka leo, mwenye watoto wanne na magoti yanayolia, nikimwona napunguza sauti.

Mie ni mtu wa mdomo, kijiji kizima kitashuhudia. Wauza samaki wananikimbia. Lakini mbele ya somo yangu ulimi wangu hushika adabu zake.

Sasa, mle ndani ya simu kuna swali moja la wanawake. Linauliza kama kuna mwanamke nyumbani aliyeona uvimbe au mabadiliko yoyote kwenye titi. Kwa vijana wenzangu naliuliza bila taabu, tunacheka, tunaendelea. Lakini kumuuliza Bi Mejumaa? Nimkalie mbele, nimkazie macho, nimuulize juu ya matiti yake? Afadhali ningeambiwa nipande mnazi uchi.

Kwa hiyo kila mwezi nikifika swali hilo nilikuwa nabonyeza hapana. Mwenyewe. Simu inashukuru, inaleta swali linalofuata.

Sikumuuliza hata mara moja.

Na dalili nilizipata, Mungu anajua. Nilipomtaka mkono nimpime presha, alikuwa akinipa wa kulia siku zote, wa kushoto ameubana chini ya kanga. Nilidhani ni baridi yabisi. Tena akaanza kufukiza udi mchana kutwa. Tena akaanza kuvaa kikuba, kile kishada cha asumini na rehani wanachobana wanawake kifuani, yeye mjane wa miaka, asiyekwenda harusini wala popote. Nikamtania! "Lo, somo, nani huyo unayemnukia? Tuambie tufue nguo za harusi." Akacheka. Akanipiga kofi dogo la begani, akasema, "Toka hapa, mwana hana haya wewe."

Mwanamke alikuwa anafunika harufu ya kidonda chake, na mie nikamfanyia mzaha wa bwana harusi.

Sijui nitalibeba wapi hili.

Aliyegundua ni bintiye, anayelima mwani Kibuyuni. Alikuja kumtazama mamake, akafua nguo zake, akaona doa la damu kwenye kanga pale pasipostahili kuwa na damu. Wakaenda hospitali Msambweni, wakatumwa mbele kwa vipimo, wakarudi. Madaktari walisema nao kwa upole. Ni saratani, na imeshatambaa mpaka kwenye mapafu. Wamempa dawa za maumivu na wamemrudisha alale kitandani pake.

Habari ziliponifikia, wanawake kisimani walikuwa tayari wana hukumu yao. "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Nilitamani kuwamwagia ndoo. Nikajitwika maji yangu nikaenda zangu.

Siku sita nimepita mbali na mlango wake. Mie, mwenye begi la serikali, nilikuwa nazunguka nyuma ya shule ili nisionekane. Ijumaa mkaza mwanawe, Riziki, ambaye mumewe anafanya kazi hotelini Galu, alinikuta dukani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada Saumu, mama anakuulizia."

Leo asubuhi, mvua ilipopungua, nikaenda. Begi nililiacha, fulana nikaiacha.

Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba, amekonda, lakini nywele zimesukwa vizuri. Nikamwambia shikamoo. "Marahaba, mwari wangu. Hujambo?" Nikasema sijambo. Nami nikamuuliza hali, naye akajibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Hata leo! Riziki akaangalia sakafu.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri kabisa, yenye kuzunguka. Yote yakapotea. Nikapiga magoti pale penye mkeka nikasema, "Somo, mie sikukuuliza. Kila mwezi niliandika huna kitu, na sikukuuliza."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakuona ukikibonyeza hicho kisimu chako. Kila ukija nasema moyoni, leo ataniuliza. Ukaniuliza chandarua. Ukaniuliza choo. Ukaniuliza maji nachota wapi, na kisima tunachota pamoja! Kisha ukanyanyuka ukaenda."

Nikamuuliza, mbona basi hakusema yeye.

"Niseme nini, mwanangu? Mkubwa ajivue nguo mbele ya mwari wake, hajaulizwa? Nilikuwa nakungoja wewe." Akavuta pumzi, na pumzi yenyewe sasa anaipata kwa kuipigania. "Nami ndiye niliyekufunda usiulize. Nilikufunda vizuri mno, kumbe."

Akacheka. Kicheko kikawa kikohozi, Riziki akamwinua, tukamshika hadi kikatulia. Mie nilikuwa nalia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Kabla ya begi hili, nikienda kwa Bi Mejumaa nilikuwa nakaa. Nilikuwa nakuna nazi, nachambua mchele, naondoka jua limegeuka. Nadhani siku kama hizo angeniambia, pole pole, katikati ya maneno mengine, bila mie kuuliza. Tangu nipate simu nilikuwa nakaa dakika kumi, jicho moja kwake, jicho moja kwenye kioo, kwa kuwa nyumba zilikuwa nyingi na nilitaka kuwa wa kwanza kupeleka ripoti. Serikali haikuniambia niwe wa kwanza. Ni kiburi changu.

Nikamwomba radhi. Akanishika kichwa.

"Radhi unazo, hazijapungua. Lakini na mie nina haja yangu kwako." Nikasema iseme. "Siku yangu ikifika, uwe miongoni mwa watakaoniosha. Wengine nawaonea haya, wasije wakashtuka wakanisema. Wewe ni wangu."

Nikaitikia. Nani angekataa?

Lakini nilipoinuka kutafuta leso ya kufuta uso, lile ombi likanigeukia kifuani. Mwanamke huyu amenipa idhini ya kumtazama akishakufa. Akiwa hai hakuipata nafasi ya kunionyesha, sasa ananionyesha akiwa maiti, ambapo hatahitaji kusema wala mie sitahitaji kuuliza. Na sote wawili tungeona ni sawa, tungeona ni adabu.

La. Nikarudi nikakaa kitandani, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele yake, kukaa sawa naye.

Nikamwambia, "Somo, nitakuosha siku hiyo ikifika. Lakini sitaingoja. Nionyeshe leo."

Riziki akasimama atoke, Bi Mejumaa akamwambia, "Kaa, nawe uone." Kisha akalifungua fundo la kanga kwa mkono wake mwenyewe.

Nilichokiona ni chake, sitakiandika hapa. Nilitazama. Sikugeuza uso.

Riziki akachemsha maji, tukatia chumvi, tukayaacha yakawa vuguvugu. Nikanawa mikono kama tulivyofunzwa. Nikamwosha pole pole, kwa pamba, kidonda na pembeni mwa kidonda na chini ya ule mkono wa kushoto aliokuwa akiubana. Alifumba macho. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakuguna, na mkono wa kulia aliuweka gotini pangu mpaka nikamaliza. Nikamfunga kitambaa safi.

"Kumbe una mkono laini," akasema. "Uje na kesho."

Kabla ya kuondoka nilimgeukia Riziki, palepale mbele ya mkwewe, nikamuuliza lile swali, neno kwa neno. Akaona haya, akacheka kidogo, akasema hana kitu. Bi Mejumaa akafumbua jicho moja. "Muulize tena. Jibu la kwanza ni la adabu." Nikamuuliza tena. Akafikiri safari hii, akajigusa juu ya dera, akasema hapana dada, kwa kweli sina. Nikamwamini.

Kwa hiyo leo nina hapana moja ninayoijua kuwa ni ya kweli. Zilizomo kwenye simu ile ya kabatini sijui. Wanawake wazima wote wa nyumba zangu, mashangazi, mama wakubwa, wake za mashehe, niliwajibia mwenyewe kwa kuwaonea haya. Nesi nitamwambia kesho asubuhi, kabla hajafungua dirisha la dawa. Akininyang'anya begi, alichukue, ni haki yake. Nitakwenda nyumba hadi nyumba hata bila begi, na nitakaa, na nitauliza mara mbili.

Nimeandika kwamba nitaanza kesho. Nimeyasoma hayo maneno, nimejionea aibu.

Kwa nini kesho? Mama mkwe wangu naishi naye nyumba moja mwaka wa kumi na tano huu. Namfulia, namkandia unga, nampikia uji, na swali lile sijawahi kumuuliza. Nimemjibia yeye kabla ya kumjibia mtu yeyote, kwa kuwa nyumba ya kwanza kwenye orodha yangu ni hii. Sasa hivi yuko uani anachambua mchicha, peke yake.

Naweka simu chini. Naenda kukaa naye.