Alikopandia Babu Nasoro

Hamburg,
Jumapili mchana

Kwa kaka yangu Bakari, Magomeni, Mtwara.

Shikamoo kaka. Natumaini karatasi hii inakukuta umeamka salama, mguu umeacha kuvimba na macho hayajazidi ukungu. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua kwa baridi ya huku. Nimeona niandike kwa sababu simu imenishinda. Kila nikimtaja yule kijana wa kijiji cha Kitaya, mtandao wa Magomeni unakatika, na ukikatika mara tatu kwa siku moja hata mjinga anaelewa. Barua haina kitufe cha kukatia.

Najua husomi mwenyewe. Somoe ndiye anayekusomea, kama anavyokusomea kila kitu tangu upate mtoto wa jicho. Basi Somoe mwanangu, mama yako anakuomba usome kwa sauti, polepole, na usiruke neno hata mjomba wako akianza kukohoa.

Kazi yangu ni ileile, kwenye nyumba ya wazee. Natoka giza, narudi giza, na mikono inanuka dawa ya sakafu hata nikila. Kuna mzee mmoja ninayemwogesha ambaye anadai ukoo wao ulikuwa na ngome na farasi. Ananisimulia kila asubuhi wakati namvalisha soksi. Namjibu, ndiyo baba, inua mguu. Sikufichi kaka, nikimsikiliza huwa nakukumbuka wewe.

Sasa tuje kwenye lile ulilonituma. Amadi wa Kitaya alipoleta posa, ulinipigia simu ukiwa umevaa sauti ya Ijumaa. Maneno yako ninayo kichwani yote. "Zuhura, wewe uko nchi ya makaratasi. Nitafutie meli ya babu Nasoro, watu wajue sisi tumetoka Maskati. Ntoto wa dada yangu haolewi na ntu aliyevuka nto kwa ntumbwi." Kisha ukanipigia methali, mwacha asili ni mtumwa.

Nikakuitikia kwa adabu. Moyoni nilijiuliza ni Mwarabu gani huyu anayesema ntu na nto. Sisi sote kwetu tunasema hivyo na mimi sioni aibu, ila mimi sijatundika Maskati ukutani.

Huyo Amadi tunamjua wote. Analima mpunga na ufuta, anaswali, hana makelele, na Somoe anampenda. Kosa lake ni kwamba babu yake, Mmakua, alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Kwa hilo tu umemweka mwanangu nyumbani miezi na miezi, naye kwa ujinga wake wa heshima amesema hatatoka mlangoni kwako bila wewe kumtoa.

Basi nikaenda. Hapa mjini kuna nyumba wanayohifadhi madaftari ya meli za zamani za kampuni za huku, zilizokuwa zikifika pwani yetu. Nilitumia siku zangu nne za mapumziko, siku ambazo mwenye magoti kama yangu angelala. Pale unaacha mkoba na koti mlangoni, unaingia na penseli tu, na wote mnanong'ona kama mko msibani. Nilikuwa na picha ya ile tikiti ya meli ya babu, ile uliyoiwekea fremu sebuleni kama cheti cha daktari. Somoe ndiye aliyeipiga na kunitumia. Jina la meli linaonekana, namba ya abiria inaonekana, na pale Mikindani pa kushukia panaonekana. Kona ya mahali pa kupandia imeliwa na mchwa.

Mama mmoja wa pale, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta Mwarabu. Akaniletea madaftari ya meli ile, ya safari za kushuka kusini. Kweli ilikuwa ikianzia safari zake huko Uarabuni, hapo hukudanganya. Nikapekua siku tatu. Nilikuta Mikindani, nikakuta makarani na wafanyabiashara wa nguo, nikakuta mpaka mtu na mbuzi wake. Nasoro hakuwepo. Namba yake haikuwepo.

Siku ya nne yule mama akaniuliza kwa upole, "Una hakika alikuwa anatoka kaskazini?"

Nikamwambia, "Kaka yangu ana hakika."

Akasema, "Sikumwuliza kaka yako."

Akaenda akaleta daftari jingine, la safari za kurudi. Maana meli, kaka, ikishamaliza kushuka hupanda. Hilo wewe na wazee wako hamkuwahi kulifikiria. Nilifungua, sikufika hata ukurasa wa kumi. Namba ileile ya kwenye tikiti yako. Mama wa miwani alinisomea ule mwandiko wao wa mikunjo, nami nakuandikia kama ulivyo. Nasoro. Mmakua. Kapandia Ibo. Anashukia Mikindani. Abiria wa sitaha. Pamoja naye mwanamke mmoja na mtoto mchanga. Kazi, kukata mkonge.

Somoe, hapo rudia mara mbili.

Ibo, kaka. Kisiwa kilichoko huko huko Msumbiji. Meli ilitoka Maskati, babu hakutoka Maskati. Basi la Dar likiingia Mtwara, hata aliyepandia njiani, Mnazi Mmoja ya kwetu kusini, anashuka stendi ileile, na hakuna anayempokea kama mtu wa Dar. Nyinyi mlimwona mtu ameteremka kwenye meli iliyotoka Uarabuni mkamvika kilemba. Babu yetu na babu yake Amadi walitoka upande mmoja. Wa Amadi alivuka mtoni. Wetu alizunguka baharini, akaupita mdomo wa Ruvuma juu ya sitaha, kwenye makaa ya mawe na mapipa, akaja kukata mkonge wa watu. Nyani haoni kundule.

Nilicheka mle ndani mpaka watu wakageuka. Halafu nikalia, nakwambia kweli, kwa ajili ya yule mwanamke mmoja ambaye hata jina hawakumwandika, amelala nje na mtoto mchanga kifuani. Kila mwaka unamsomea babu hitima, unaalika mtaa mzima, pilau na udi. Huyo bibi hujawahi kumtaja. Angekuwa wa Maskati ungemtaja kwanza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonichosha kuliko yote. Walii wa Somoe, mwenye haki ya kumwozesha kwa sheria ya dini, ni baba yake mdogo Issa, ndugu wa marehemu mume wangu, na Issa yuko Mahurunga, amekubali zamani. Wewe unamzuia kwa haki gani? Umesema mwenyewe mbele ya wazee, "Mimi ndiye njomba, bila mimi haendi." Haki ya mjomba. Kaka, haki hiyo hukuikuta Maskati. Waarabu huhesabu kwa baba, mtoto wa dada kwao ni wa ukoo mwingine. Haki hiyo ni ya watu wa Ruvuma, Wamakonde na Wamakua, watu waliovuka mto. Umemkamata mtoto kwa mila ya Wamakua ili umnyime Mmakua. Nimelifikiria jambo hili nikifua mashuka ya wagonjwa, na bado sijaelewa kichwa cha mtu kinachoweza kulibeba bila kupasuka.

Ukitaka Uarabu, uchukue wote, na ujomba uuache. Futa kauli yako, Issa aozeshe, wewe ubaki na fremu yako. Na kama unataka kuwa mjomba, basi uwe kweli, kwa asili yako yote, na hiyo asili imepandia Ibo.

Mimi nataka uwe mjomba. Nalisema waziwazi nikiwa bado nimekasirika. Mume wangu alipokufa, nikaondoka kutafuta maisha, mtoto akiwa wa miaka saba. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni mvua ya masika kumpeleka shule. Wewe ndiye uliyemtoa unyagoni, wifi aliniambia ulicheza ngoma mpaka kanzu ikachanika, na siku hiyo hakuna aliyekuuliza habari za Maskati. Somoe anajua ni nani aliyemlea. Ndiyo maana hataki kwenda bila wewe, na ndiyo maana nakudharau kwa jambo hili kwa nguvu hii yote, kwa sababu mtu mdogo nisingemwandikia kurasa tatu.

Nakala ya ule ukurasa iko ndani ya bahasha. Sijamwonyesha mtu, hata Issa. Fanya nayo utakavyo.

Nisalimie wifi Asumini, mkeo, na umwambie zile korosho alizompa mgeni aniletee zimefika na nimezila peke yangu. Msalimie shemeji Issa ukienda Mahurunga, na utakwenda. Nisalimie shangazi yetu Mwanaidi, mwambie bado nakumbuka ming'oko yake, vile viazi vya porini alivyokuwa akituchemshia. Wazazi wa Amadi sina haja ya kukutumia salamu zao, nimewapigia mwenyewe, nao wamesema mkeka wako wameutandika tangu siku ya posa.

Kaka, nimemaliza. Mtoto yuko mbele yako, na ndiye aliyekutamkia yote haya kwa mdomo wake.

Somoe, ukifika hapa usiikunje barua, wala usiende kubandika chai. Kaa palepale ulipo, unyamaze, umngoje mjomba wako aseme.

Mimi mdogo wako,
Zuhura