Chupa Kando ya Mhogo

Kwako Baba Sunday,

Huku Midia, mimi na Sunday hatujambo. Mhogo umekauka vizuri. Sunday ameng'oka jino la mbele na sasa anakataa kucheka.

Ile chupa ya unga wa kijivu uliyomletea mama yako kutoka maabara, ukamweleza kwamba jua likiupiga unga huo hugeuza hewa ya moshi kuwa mafuta, hakuiweka ndani kama ukumbusho. Alihamishia mafiga uani kwa ajili yake. Kila asubuhi aliianika kando ya mhogo, kifuniko wazi, pale moshi unapopita. Jioni alichungulia ndani.

"Jua iko, moshi iko," aliniambia. "Mafuta iko wapi?"

Wewe ulishaniambia kwenye simu kwamba unga wenu unachoka haraka, na kwamba huko uliko jua ni haba, mnatumia taa badala yake. Sikumwambia. Nilimjibu kuwa bado unautengeneza, na ukiwa tayari utauleta mwenyewe.

Ndugu zako wameelewa kwa nini hukufika mazishini. Wamemzika mama nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba yako. Waliolala hapa wameondoka, na moto wa matanga tumeuzima.

Nilipokunja mkeka wake niliikuta chupa, nikataka kukuhifadhia. Lakini leo asubuhi, nilipotoa mhogo, nayo niliitoa. Jioni nikajikuta nachungulia.

Wewe njoo tu, hata kama unga bado unachoka.

Ni mimi,
Mama Sunday