Mchanga wa Haron

Kambi ya Visima, Ghuba
11 Februari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini miguu yako imepata nafuu. Nakuandikia kwa simu kama kawaida, lakini leo keti kwanza.

Haron amekufa. Bomba lilipasuka kwenye kona jana asubuhi, naye alikuwa amesimama karibu. Nilimwona akitupwa ukutani. Sanduku limepigiliwa misumari na litafika wiki ijayo. Mwambie mama yake, Nyanchama, asilifungue. Nimenyimwa ruhusa ya kumsindikiza rafiki yangu, nami nimelia mpaka nimeona aibu.

Mwanao,
Onyiego


Nyaramba
27 Februari 2025

Mwanangu Onyiego,

Salamu zimefika. Miguu inanibeba, ila majani ya chai yamegoma kwa hili jua. Unakula? Usinidanganye, nimeiona picha yako, umebaki shingo tu.

Tumemzika Haron. Sanduku lilifunguliwa. Kwetu mtu hazikwi kabla watu wake hawajamwona uso, wewe unajua, na kaka yake Manasseh alisema hawezi kuzika mbao. Alivunja kifuniko kwa shoka. Kifua cha Haron kilikuwa wazi, na ndani ya nyama, ndani ya macho, mlikuwa na mchanga. Mchanga mtupu. Nyanchama alianguka chini.

Manasseh akapiga kelele, "Mafuta iko wapi? Bomba ya mafuta inatoa mchanga tangu lini? Huyu amerogwa!"

Wote wakanigeukia mimi. Mlikwenda wawili, wangu ndiye mzima, na siku mnaondoka nilimfungia Haron unga wa wimbi. Sasa wanasema niliutia mchanga wa kaburini. Jana wamemkata ng'ombe wangu miguu akiwa hai. Wameapa kuja Jumapili kuniuliza, na unajua watu hawa huuliza kwa petroli.

Sitoroki. Nikikimbia watasema ni kweli. Niandikie huo mchanga ulitoka wapi, na uandike hata Manasseh aelewe.

Mama yako


Kambini
27 Februari 2025

Mama,

Leo sina salamu. Toka hapo, nenda kwa shangazi kule Keumbu! Najua hutanisikia, kwa hiyo soma.

Kisima hakitoi mafuta peke yake. Hutoa pia gesi, maji na mchanga. Vikienda mbio bombani, mchanga husafiri navyo. Vikienda polepole, mchanga hulala chini, hasa bomba linapoinama, jinsi mto wetu unavyoacha mchanga maji yakipungua. Mwezi wa kwanza wakubwa walipunguza mwendo, na mchanga ukalala tele. Tuliwaambia usafishwe. Walikataa kusimamisha kazi, kisha wakafungulia ghafla kwa nguvu zote. Mchanga ukaamka. Penye bomba lililonyooka unapita tu, lakini penye kona hauwahi kupinda. Unagonga chuma palepale, punje baada ya punje, mpaka kinakuwa chembamba na kupasuka.

Bomba lile hubeba gesi kuliko mafuta. Gesi ilimpiga Haron kifuani na mchanga wote ndani yake, ndiyo maana hamkuona mafuta. Hakuna aliyemroga. Wamemuua wakubwa wangu, na ningeweza ningewavunja shingo mmoja mmoja.

Msomee Nyanchama kwanza.

Onyiego wako


Kambini
3 Machi 2025

Mama,

Jumapili imepita na simu yako haiingii. Jibu hata neno moja. Nimemwomba msimamizi ruhusa ya kuja, akacheka, nikampiga ngumi ya mdomo mpaka meno yakatoka. Wananirudisha Kenya wiki hii. Heri.

Mwanao


Hospitalini, Kisii
5 Machi 2025

Mwanangu Onyiego,

Niko hai. Mkono wa kushoto umeungua vibaya, simu yangu iliteketea na nyumba, hii ni ya muuguzi.

Ijumaa nilimsomea Nyanchama barua yako. Aliniomba nirudie pale pa kona, kisha nirudie tena. Akaniuliza kama Haron aliteseka sana. Nikamwambia sijui, singeweza kumdanganya mama. Akainuka akaenda zake bila kuniaga, nami nikajua nimekwisha.

Jumapili walikuja, Manasseh mbele. Walipowasha nyumba nilitoka na panga. Nilimkata mmoja begani, na sijuti. Kisha nikapigwa rungu, nikaanguka, nikaona wakiokota mawe.

Nyanchama alitokea mbio kwenye migomba, akasimama juu yangu, mguu huku na mguu huku. Alipiga kelele, "Ni bomba! Mtoto wangu aliuawa na bomba! Mwacheni Bosibori, mama Onyiego!" Lakini jiwe lilikuwa limesharushwa. Lilimpata juu ya sikio. Aliniangukia na damu yake ikaniingia mdomoni.

Jiwe lilikuwa la Manasseh. Alipiga magoti akamtikisa, "Mama, inuka. Mama, inuka basi." Wenzake waliangusha mawe wakatazama chini. Siku hiyo hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kamroga.

Atazikwa Jumatatu kando ya Haron. Manasseh yuko ndani, polisi hawatamtoa, na Nyanchama hakuzaa mwana mwingine. Njoo umchimbie kaburi wewe.

Mama yako